Mlango Nilioacha Wazi

Ofisini mimi ndiye yule jamaa wa kompyuta. Printa ikikwama, naitwa. Waifai ikilala, naitwa. Kwa hivyo ile Ijumaa mhariri aliponipigia mara ya nne akisema, "Buda, hii faili bado inakataa kuseviwa," nilikuwa nimechoka kabisa.

Tulikuwa studio ndogo ya filamu za hali halisi hapa Nairobi, watu tisa, na seva moja ya Linux iliyokaa chini ya meza. Video zote zilikuwa humo, na kila mtu alizifikia kupitia Samba kutoka laptopu yake.

Tatizo halikuwa geni. Kwenye Linux kila faili ina mwenyewe, ina kundi, halafu kuna watu wengine wote. Kila upande hupewa ruhusa kwa namba: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Unajumlisha. Faili zetu mpya zilikuwa zikizaliwa na 644, yaani aliyeiunda anaandika, wengine wanasoma tu. Mhariri mmoja akianza kazi leo, mwenzake kesho anajipata amefungiwa nje, na wote wako kundi moja.

Dawa naijua. Unaunda kundi la wahariri, folda yao unaipa 2775. Ile 2 ya mbele inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda, si kundi la aliyeiunda. Kisha unaiambia Samba faili zizaliwe na 664. Ni nusu saa hivi, pamoja na kujaribu.

Lakini mawingu yalikuwa yametanda, na mvua ikianza nauli inapanda. Nikaandika chmod -R 777. Kila mtu, kila kitu. Simu zikanyamaza, nikawahi matatu.

Wiki mbili baadaye, kijana wa atachimenti aliambiwa apunguze mizigo kwenye laptopu yake. Akaona folda ya Mombasa, akadhani ni nakala yake, akafuta. Folda ya mtandao si kama ya mezani kwako. Ukifuta, haiendi kwenye kapu la taka, imeenda tu. Mahojiano ya siku tatu. Bekapu yetu ya mwisho ilikuwa ya kabla ya safari.

Kuna kitu wengi hawakijui: kwenye Linux, kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili yenyewe. Kunategemea ruhusa ya folda iliyomo. Kijana hakuwa kwenye kundi la wahariri. Kama ningeacha ile 2775, seva ingemwambia hapana, angekuja kuniuliza, tungecheka, basi.

Madam alituita wote. "Nani alifuta?"

Kijana akainua mkono. Hakuna aliyeuliza nani alimfungulia. Mimi ndiye peke yangu pale niliyejua kwamba swali hilo lipo, na nilikuwa natazama chai yangu ikipoa. Aliondoka wiki hiyo hiyo, bila barua ya kupeleka chuoni.

Usiku huo nilibaki nikarekebisha ruhusa zote. Nikaingia kwa akaunti yake, nikajaribu kufuta faili. Ikakataa. Dakika thelathini na tano.

Mwaka uliofuata nilikutana naye pale Archives, nikivuka kuelekea steji. Yeye ndiye aliniita. Tukasalimiana, halafu akasema, "Bro, zile video bado zinanisumbua. Siku hizi nikifuta kitu chochote mikono inatetemeka. Pole sana, najua nilikuharibia kazi."

Ananiomba msamaha. Mimi.

Nikamwambia pale pale, watu wakitupita na kutusukuma. Nikamweleza 777, mvua, nauli, ile chai. Nilitarajia anitukane. Alinyamaza muda mrefu, akitazama njiwa.

"So haikufaa niweze kufuta?"

"Haikufaa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akauliza, bila hasira, "Na Madam anajua?"

Sikuwa na jibu. Akanipa mkono, akaingia kwenye umati.

Jumatatu niliwasili kazini saa moja na nusu, kabla ya mtu yeyote. Nikachemsha chai. Gari la Madam lilipoingia, nilikuwa nimesimama mlangoni kwake.