Siku Moja Wundanyi

Ukiondoka Voi ukapita Mwatate, barabara huanza kupanda milima kwa mizunguko, na joto tulilolizoea sisi watu wa pwani hubaki nyuma. Tulipofika Wundanyi, watoto walikuwa wamekwisha kuomba sweta.

Tulianzia sokoni, palipopambwa kwa kabichi, karoti, ndizi na leso za kina mama wa Kitaita. Baada ya kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama alivyoruhusiwa msafiri, tulielekea msitu wa Ngangao. Huko mna ukungu, miti mikongwe, na ndege mdogo aitwaye apalisi wa Taita, asiyepatikana popote duniani ila katika milima hii. Msitu wenyewe ni kipande kilichosalia, kimezungukwa na mashamba. Binti yetu akauliza, “Ukikatwa, ndege watahamia wapi?” Tukanyamaza.

Tulipokuwa tukiteremka tulimwonyesha vijito vitokavyo msituni vikielekea kwenye mashamba ya mboga bondeni, akatazama karoti zilizomo kikapuni.

Atakayekwenda Wundanyi asiishie sokoni. Apande na wanawe hadi msituni, waione amana hii ya Mwenyezi Mungu ingali hai.