Mkate wa Ufunguo

Neno ufunguo limetokana na kitenzi fungua, na fungua ni kauli ya kutendua ya funga. Kila tunapolitamka neno hilo, mlango uliofungwa umo ndani yake. Sikuwahi kulipa jambo hili uzito mpaka nilipokutana na mkate.

Mkate wa Sabato wa Wayahudi huitwa hala: unga wa ngano, mayai, mafuta, sukari, chumvi na hamira, kisha husukwa mithili ya nywele. Lakini Sabato ya kwanza baada ya Pasaka, hamira inaporejea jikoni, Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki huufinyanga kwa umbo la ufunguo. Wengine huchora ufunguo juu yake kwa ufuta. Wengine huosha ufunguo halisi, wakauviringishia karatasi na kuuoka ndani ya mkate. Rabi Abraham Joshua Heschel wa Apt, mji wa Poland, aliyefariki mwaka 1825, aliitolea maelezo desturi hii.

Sababu mojawapo ni riziki. Wana wa Israeli walikula mana jangwani kwa miaka 40. Walipovuka Yordani chini ya Yoshua, wakaadhimisha Pasaka na kuonja mazao ya nchi, mana ikakoma. Tangu hapo iliwapasa kulima, kuvuna na kukanda. Ufunguo huo basi ni dua: mlango wa riziki na ufunguliwe, maadamu chakula hakishuki tena pamoja na umande.

Nilikuwa Brooklyn, New York, mwaka ambao mana yangu nami ilikoma. Nilikuwa nimepunguzwa kazini, na kodi ya nyumba haijui huruma. Jirani yangu, bibi Myahudi wa makamo ya mama yangu, hakunipa pole. Ijumaa hiyo asubuhi alinipa donge la unga na kunionyesha namna ya kulisokota: pete kichwani, kijiti kirefu, kisha meno matatu. Kwanza lakini alimega kipande kidogo, akakisomea baraka na kukiteketeza, kwa kuwa hala kwa asili ni jina la fungu hilo linalotengwa. Anayeomba riziki alianza kwa kutoa.

Nilimuuliza ufunguo unaitwaje kwao. Kwa Kiyidishi ni shlisl, nduguye Schlüssel ya Kijerumani, kutoka kitenzi cha kufunga. Kwa Kiebrania ni mafteah, ndugu wa miftahi ya Waarabu, kutoka kitenzi cha kufungua. Chombo kimoja: lugha moja imekiita kwa kufuli, nyingine kwa mlango ulio wazi.

Kiswahili kimeyabeba yote mawili. Kazi niliipata miezi miwili baadaye, na katika siku zile za kungoja nilijishikiza kwenye sarufi: kati ya funga na fungua ipo irabu moja tu.