Aliyebaki Nyumbani

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa na desturi ya kuwasimulia wanachuo habari za Charles Studd kila baada ya mechi. Studd hakuwa mcheza kandanda. Alicheza kriketi, mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, ambao huku kwetu Maguu hatuuchezi. Lakini sifa yake kwao ilikuwa kama ya mfungaji wa Simba au Yanga kwetu. Mwaka 1882 aliichezea Uingereza dhidi ya Australia. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 24, aliacha yote akaenda China kuhubiri Injili pamoja na vijana wenzake sita. Urithi alioachiwa na baba yake, pauni 29,000 hivi, aliugawa. Baadaye alihudumu India, na mwaka 1913, akiwa mtu wa makamo mwenye afya mbovu, akaingia Kongo. Huko alifariki mwaka 1931, mahali paitwapo Ibambi.

“Tazameni mtu aliyekubali kuacha kushangiliwa,” niliwaambia. Nikaishia hapo. Vijana waliondoka kimya, nami nikaridhika kuwa somo limeeleweka.

Baada ya kustaafu nilipata nafasi ya kusoma zaidi, nikakutana na habari za mkewe, Priscilla. Walioana huko China mwaka 1888. Studd alipokwenda Kongo, mama huyu alibaki Uingereza, naye akawa mgonjwa wa moyo. Mwaka 1916 mumewe aliondoka tena na hakurudi kamwe. Priscilla ndiye aliyehangaikia shughuli za misheni kule nyumbani, ili wa Kongo wapate kuhubiri. Mwaka 1928 alisafiri kwenda kumwona. Walikaa pamoja kama majuma mawili tu. Mwaka uliofuata alifariki.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mama watoto alikuwa uani akichambua maharage.

Ndugu msomaji, mimi sikuhubiri China wala Kongo. Nilihamishwa tu, kama walimu wengi wa enzi zetu. Kwa miaka kumi na mmoja niliishi katika nyumba za chuo mikoa ya mbali, naye akabaki hapa mlimani na watoto watano. Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba juu ya mteremko. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika, kisha hupanda maharage. Kazi ya wawili. Mwezi wa Machi ulipofika, mimi nilikuwa nakagua mazoezi ya kufundisha. Yeye alifyeka, akapanga, akachimba, akapanda. Nilipokuja likizo majirani walinipa mkono wakisema, “Mwalimu, unalitumikia taifa.” Yeye hakupewa mkono na mtu.

Jioni ile nilimuuliza kama aliwahi kuniwekea kinyongo. Alifikiri kidogo.

“Mwalimu, mwaka ule wa mvua kubwa ngoro za juu zilibomoka zote. Nilikuandikia barua. Ukanijibu habari za karo.”

Barua hiyo siikumbuki.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na vijana wa timu ya mpira hapa kijijini. Niliwasimulia Studd, na safari hii nikamweka na Priscilla. Kijana mmoja akauliza, “Babu, kwa hiyo alikosea kwenda?” Nilimwambia siwezi kumhukumu mtu aliyekufa kazini kwake. Ila tunapohesabu alichotoa Studd, tusimwandikie yeye peke yake. Nusu ilitolewa na mwingine, na sina hakika kama aliulizwa.

Siku hizi Machi ikifika nafyeka majani mwenyewe. Mikono iliyopita miaka sabini haina kasi, na miraba yangu hupinda. Mama watoto hupita nyuma yangu akiinyoosha, hasemi neno.