Aliyetangulia Kupata

Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kuyasimulia haya bila kulia. Nilihitimu shahada ya ualimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2015, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Historia na Kiswahili. Tulikuwa kundi la wasichana wa hosteli ya Mabibo, wengine wana vitanda vyao na wengine tumewabeba, yaani tunalala nao kitanda kimoja, maana nafasi hazikutosha na hakuna aliyekuwa radhi mwenzake ahangaike mtaani. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likitoka tulikula wali kuku. Likiisha tulichanga, tukapika ugali na dagaa kwenye jiko la umeme lililofichwa uvunguni. Mle chumbani hamkuwa na tajiri wala maskini.

Wasiwasi wa ajira hatukuwa nao. Walimu waliotutangulia walihitimu, wakasubiri majina yatoke, wakapangiwa vituo na kupanda basi. Nasi tukasubiri majina. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Ukafuata uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 Rais Magufuli akakabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kughushi vyeti. Majirani wakanipongeza: "Haya, nafasi zenu hizo zimepatikana." Lakini mwaka huo ajira za walimu wa sekondari zilipofunguliwa, walitangulizwa wa sayansi na hisabati. Sisi wa masomo ya sanaa tukabaki nyumbani.

Hapo kundi letu likagawanyika. Mwenzetu wa Fizikia na Hisabati alipangiwa Kigoma. Mwingine akapata kazi benki. Mimi nilikuwa kwa wazazi wangu Tukuyu, nafundisha shule moja ya binafsi ambayo mshahara wake ulitoka mwezi huu, ukaruka miezi inayofuata. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, baba yake, naye mhitimu wa mwaka wetu, alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Mahari alikuwa hajamaliza. Wajomba zangu walimwita "msomi" kwa sauti iliyonichoma kuliko tusi.

Shida yenyewe niliimudu. Kilichonimaliza ni ukimya. Niliacha kupokea simu za wenzangu, kwa kuwa sikuona cha kuzungumza nao. Huyu ananunua kiwanja, yule anaulizia uhamisho, mimi hata vocha sina. Kadi ya harusi ilinitia hofu kwa sababu ya mchango na sare. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengi tuliokwama tulinyamaza vilevile, kila mmoja akidhani amekwama peke yake.

Aliyeuvunja ukimya ule ni yule wa Kigoma. Alinipigia, sikupokea. Akapiga simu ya mama. Mama akaniwekea simu sikioni mbele ya watu, nikakosa pa kukimbilia.

"Shoga yangu," akasema, "Mabibo ulinibeba mwaka mzima. Nani kakwambia nimesahau? Hela ninayokutumia si mkopo, usije ukanirudishia."

Haikuwa nyingi. Mshahara wake ulikuwa tayari umekatwa asilimia 15 ya bodi ya mikopo, makato yaliyopandishwa kutoka asilimia 8, na nyumbani kwao kuna wadogo zake wanaosoma. Alinigawia kutoka katika kile kidogo kilichobaki, na ndiyo maana nililia. Kwa hela ile nilinunua mchele Kyela, nikauuza Tukuyu kwa kilo, jioni nikafundisha twisheni. Mtoto akanywa maziwa.

Hakuishia kwangu. Alitusaka wote, mmoja mmoja, tukaunda kikundi cha kufa na kuzikana. Mwenye mshahara aliweka hisa kila mwezi, asiye nao aliweka alichojaliwa, na hakuna aliyeondolewa kwa sababu ya kukosa. Mfuko huo umemlipia mmoja wetu kodi ya pango mwenye nyumba alipotaka kumtolea vyombo nje. Umemnunulia mwingine cherehani. Mwenzetu wa Njombe alianza na miche michache ya parachichi, na leo wakati wa kuchuma anaajiri vijana. Mmoja tumemzika, alifariki akijifungua. Mtoto yupo kwa bibi yake, na ada yake ni juu yetu. Tuliahidi hivyo msibani na hatujawahi kuchelewesha ada ya muhula wowote.

Mei Mosi 2021 Rais Samia alipotangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kwenye deni la mikopo ya elimu ya juu, tulipigiana simu tukipiga vigelegele, wenye ajira na tusio nazo. Mwaka huohuo ajira yangu ikatoka, mkoani Mtwara. Mume wangu, yule yule wa bodaboda, alikuwa ameshafungua duka lake la vipuri Mbeya, ikabidi tuishi mbalimbali, watoto wakiwa kwa mama. Mwenzetu mmoja wa kundi ndiye aliyenipatia mwalimu wa kubadilishana naye kituo, aliyetaka kumfuata mumewe Mtwara. Barua zikapita kwa wakuu wa shule, wakurugenzi wa halmashauri, hadi TAMISEMI. Zilichukua muda, lakini zilijibiwa. Sasa tunalala nyumba moja, watoto na baba yao.

Watu husema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimewaona wavumilivu waliovunjika kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono. Tulihitimu mwaka mmoja, na ufaulu wetu ulikaribiana. Kilichotutenganisha ni masomo tuliyochagua na majira tuliyotokea. Kwa hiyo aliyepata asijione amewazidi wenzake akili, wala aliyekosa asijione amelaaniwa.

Kama Mungu amekutanguliza, wakumbuke wote uliohitimu nao, jina kwa jina. Yule aliyenyamaza siku nyingi ndiye wa kumpigia kwanza. Asipopokea, mtafute kwa ndugu zake. Nawe uliyekwama, nakusihi kama dada yako: pokea simu. Anayekupigia huenda ni mtu uliyewahi kumbeba.