Sanduku Lililovuka Mchanga

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu kijana Msimbati, mkoani Mtwara, na uchaguzi ulitufikia kwa baisikeli. Sanduku lilifungwa kwenye keria kwa kamba ya katani, karatasi za kura zikatiwa mfuko wa nailoni zisilowe umande. Pale penye mchanga mwingi tulishuka tukasukuma. Kura yenyewe ilikuwa nyepesi: ndiyo au hapana kwa rais, alama ya jembe au ya nyumba kwa mbunge. Mafuta ya kandili tulichanga sisi walimu; wali ulitoka kwa jirani, naye hakudai senti. Gharama ilikuwapo, ila tuliibeba mabegani na haikuandikwa popote.

Mwaka 1995 ukaja uchaguzi mkuu wa vyama vingi. Wagombea wanne wa urais, mmoja wao Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso huku huku kusini. Mawakala wa vyama walijaza benchi, kila mmoja akikodolea macho lakiri ya sanduku. Wahisani walichangia fedha mwaka ule. Dar es Salaam vifaa vilichelewa, majimbo yote saba yakarudia kupiga kura mwezi Novemba. Tuliposikia tulishikwa na hofu: ikiwa vimechelewa mjini, itakuwaje kwetu, ambako lori la kutoka Dar lilingoja pantoni kwenye mto Rufiji? Daraja lilikuwa bado miaka minane.

Mwaka 2015 ndio ulionionyesha fedha inakokwenda. Zilikuja mashine za kuchukua alama za vidole, takriban 8,000 kwa nchi nzima, zikihamishwa mkoa hadi mkoa. Uandikishaji ulichelewa hata kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa Aprili 30 ikaahirishwa. Foleni yetu ilisimama kwa bibi mmoja aliyebangua korosho maisha yake yote. Mafuta ya maganda yalikuwa yamemla vidole. Mashine haikuona kitu.

"Jaribu tena, mwanangu."

"Futa kwanza kwa kitambaa, bibi."

Tulijaribu mara nyingi, hadi kidole gumba kikakubali. Walikuwapo waliosema mashine zile ni anasa. Sikukubaliana nao. Jina la yule bibi, katika daftari la zamani la wapiga kura, lilikuwa limeandikwa kwa makosa mara mbili.

Uchaguzi wangu wa mwisho kabla ya kustaafu ulikuwa wa 2020. Serikali ilitenga shilingi bilioni 331, fedha za ndani. Vituo, vilivyokuwa 65,105 mwaka 2015, sasa vilifika 80,155, na kila kituo kinataka sanduku, kituturi, wino, msimamizi, karani mwongozaji na mlinzi. Huo ndio mzizi wa gharama kupanda. Na wiki mbili kabla ya kura, kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Kwetu sisi wa mpakani, fedha ya ulinzi haikuwa ya kujadiliwa. Niliona fahari kwamba nchi inajilipia. Lakini makarani wangu walisubiri posho yao siku nyingi, na fedha ya nyumbani isipomfikia karani wa mwisho kwa wakati, mimi siihesabu kuwa imetolewa.

Siku ya kura niliweka kituo chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka mlangoni kwa yule bibi wa korosho. Zamani alitembea asubuhi nzima mchangani. Safari hii alikuja peke yake, akapiga kura, akarudi kabla uji wake haujapoa.