Mkono wa Idi na tiketi ya Kaatsheuvel

Kwetu Unguja mahali pa pembea tunapaita viwanja vya kufurahishia watoto, jina refu kuliko pembea zenyewe. Vya Kariakoo ndivyo ninavyovikumbuka zaidi, na siku za sikukuu uwanja wa Mnazi Mmoja nao hujaa mpaka hupati pa kuweka mguu. Hapa Uholanzi, huu mwaka wangu wa tisa, mtu akisema anawapeleka watoto kufurahi aghlabu anakusudia Efteling, bustani kubwa ya michezo na hadithi katika kijiji cha Kaatsheuvel, kusini mwa nchi. Nimeshakwenda mara tatu na wanangu wawili. Mara ya kwanza tulirudi nyumbani tumenuniana wote wanne, baba, mama na watoto. Mara ya tatu mama yangu alikuwepo, na tulirudi tukiimba kwenye basi. Kilichobadilika katikati ni kitu nilichokuwa nakijua tangu nina miaka saba, nikakisahau.

Enzi hizo, sikukuu mosi, tukishavaa nguo mpya, tulizunguka nyumba za jamaa kutafuta mkono wa Idi. Shangazi anatoa noti, mjomba anatoa sarafu, yule jirani bahili anatoa kipande cha halua na dua. Baada ya alasiri tunaelekea Mnazi Mmoja, msafara mzima ukiongozwa na dada yetu mkubwa, naye ana miaka kumi na mbili. Pesa yangu ninayo mwenyewe, nimeifunga kwenye ncha ya leso. Kupanda pembea ni pesa, pulizo ni pesa, malai ni pesa. Nikipanda pembea mara mbili, miwani ya plastiki siipati. Basi nasimama mbele ya meza ya muuza vidoli nimekunja uso kama kadhi, napiga hesabu. Fundo la leso likibaki tupu, siku imekwisha. Hakuna wa kulia wala wa kumbembeleza. Tunarudi nyumbani miguu ina vumbi, kesho sikukuu pili.

Efteling hulipi pembea. Unalipia mlango, tena siku nyingi kabla hujauona huo mlango, kwa simu, ukichagua na tarehe. Bei hupanda na kushuka kufuata siku, na wakati wa likizo hupita euro 40 kwa kichwa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 4 anaingia bure. Akishaitimiza, analipa sawasawa na baba yake. Ukiwa ndani, panda upendacho mpaka jioni. Inasikika kama neema. Lakini mzazi ambaye zaidi ya euro 120 zimeshamtoka hatembei, anakimbia, na kila dakika mtoto anayosimama kumtazama bata yeye anaiona hasara.

Ndivyo tulivyokuwa mwaka ule wa kwanza. Mume wangu alikuja na orodha ya vitu kumi na vinne. Cha tatu hatukukifikia, kwa sababu mdogo wetu, wakati ule ana miaka miwili na nusu, alikutana na pipa la taka.

Mapipa hayo ni maarufu kuliko pembea nyingi za mle. Yana sura ya mtu mnene ameachama, jina lake Holle Bolle Gijs, na kutoka tumboni inatoka sauti inayoomba: karatasi hapa, karatasi hapa! Ukisogeza karatasi mdomoni mwake, inanyonywa ndani, fyuu, kisha anakushukuru. Mwanangu alitia kikaratasi cha biskuti. Akaruka nyuma. Akaokota kingine chini. Akamaliza vya chini, akawaendea watu wasiotujua kuwaomba takataka zao, na wakampa. Robo saa nzima. Mimi nimesimama pembeni nahesabu saa, nikamnyanyua kwapani akipiga mateke, nikampeleka kwenye foleni ya dakika arobaini. Alilala kabla hatujaufikia mwisho wake. Kile tulichokipangia foleni tukakipanda naye kalala begani kwangu, mate yakinichuruzika shingoni, na mkubwa akilia kwamba alitaka kubaki kwenye pipa.

Usiku, watoto wakishalala, ndipo nilipoikumbuka ile leso. Mwanangu alikuwa amechagua. Mimi ndiye niliyemnyang'anya pulizo mkononi nikamlazimisha miwani.

Mara ya pili na ya tatu, asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, kila mtoto nilimpa shanga tatu kubwa za rangi. Hizo ndizo mkono wa Idi wao. Shanga moja inanunua foleni moja, wanachagua wenyewe, na zikiisha hatusimami tena kwenye foleni yoyote. Vilivyobaki ni vya kutembea na kutazama, na katika Efteling hivyo ni vingi mno, maana moyo wa bustani ile ni msitu wa hadithi uliofunguliwa mwaka 1952, uliochorwa na msanii Anton Pieck. Mle hupangi mstari kwa kitu kikubwa. Kuna viatu vyekundu vinavyocheza ngoma bila mchezaji, kuna Langnek ambaye shingo yake inarefuka mpaka juu na kurudi, mtoto wa miaka mitatu anaweza kumtazama mara ishirini. Mwanangu mkubwa, miaka sita, alisimama njia panda na shanga yake ya mwisho, uso umekunjwa. Nikajiona mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri mmoja tu kuhusu kwenda mahali kama pale na watoto wadogo, ni huu: ihesabu ile tiketi kuwa pesa iliyokwenda, kama nauli, usiidai tena ndani. Mengine ni mambo ya mkoba.

Tarehe, kwa mfano. Hapa mtoto akifika miaka mitano shule ni lazima, na ukimtoa siku ya masomo kwenda kucheza unaweza kutozwa faini, kwa hiyo zile Jumanne tulivu za Novemba waachie wenye watoto wachanga. Lakini likizo za shule Uholanzi zimegawanywa kwa kanda tatu, Kaskazini, Kati na Kusini, na aghlabu hazianzi wala haziishi siku moja. Tafuta wiki ambayo nyinyi mko likizo na wenzenu bado wako darasani. Ukishaipata, fika mlango unapofunguliwa. Waholanzi wanajua hilo, utawakuta wameshatangulia na vigari vyao vya mbao vya kukokota, ndani watoto wawili, mablanketi na mikate.

Mikate hiyo isikuhuzunishe. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho, na Mholanzi hana haya kufungua kopo la mkate na jibini mbele ya mgahawa. Sisi tunafungua katlesi na chapati, tunasogea kwenye benchi, na mara zote mbili kuna mtoto wa watu alikuja kusimama karibu akinusa. Kwa anayechunga halali ni raha zaidi, hana haja ya kumhoji muuza chipsi kuhusu mafuta yake. Chukua makoti ya mvua hata kama jua limewaka, soksi za akiba kwa kila mtoto, na mkeka mwembamba. Mkeka ni wa kulia, wa kusalia, na wa mdogo kulalia saa nane mchana. Usimnyime usingizi ule kwa ajili ya foleni.

Halafu kipimo. Mpime mtoto ukutani nyumbani, akiwa amevaa viatu atakavyovaa. Joris en de Draak, yaani Joris na joka, magari mawili ya reli ya mbao yanayoshindana, wanataka sentimita 110. Python inayopindua watu kichwa chini inataka 120, na Baron 1898, inayoporomoka ndani ya shimo kama ndoo kisimani, 132. Mtoto wa sentimita 108 aliyeahidiwa joka tangu juzi, akaja kuambiwa hapana mbele ya watu, hanyamazi haraka. Na pale hakuna kubembeleza. Kijana wa mlangoni anaweka fimbo yake, anatabasamu, anatikisa kichwa, basi.

Kwa hili wametushinda, tusidanganyane. Kwetu kipimo kilikuwa jicho la msukuma pembea. Alikutazama akasema wewe bado, kaa na dada yako, au siku biashara ikiwa mbaya akakuchukua hivyo hivyo. Pembea za chuma zilizokuwa zikilia kila zikipanda, nani alikuwa akizikagua nati? Tulishikilia kwa nguvu na tukasoma Kulhuwallahu. Nikiwasikia wenzangu wa ughaibuni wakisema enzi zetu zilikuwa bora, hukumbuka ule mlio.

Ila kuna kitu kimoja cha Mnazi Mmoja ambacho hapa hakiuzwi kwa bei yoyote. Nilipotea pale nikiwa na miaka mitano. Muuza juisi ya miwa aliniona nalia, akanikalisha juu ya kreti lake, akanipa bilauri, akaanza kupaza sauti: jamani, mtoto wa nani huyu? Kabla sijaimaliza juisi, mwanamke nisiyemjua alikuwa ameshamtambua mama kwa kunitazama pua. Hapa watu ni wema, lakini mtu mzima atasita kumshika mkono mtoto asiye wake, na wala simlaumu. Kwa hiyo macho yale ya mtaa mzima inabidi uyabebe mwenyewe. Wanangu ninawaandikia namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, kuanzia na namba ya nchi. Ninawapiga picha asubuhi, maana ukihangaika huwezi kukumbuka mtoto kavaa nini. Nawaonyesha wafanyakazi wamevaa nguo gani, na nawafundisha neno moja: ukipotea, simama. Usitutafute, sisi ndio tutakaokutafuta.

Safari na mama ilikuwa kitu kingine kabisa. Kwanza alisimama mlangoni akakataa kuingia mpaka alitazame lile paa kubwa la nyasi lenye ncha kali zinazochoma mbingu. "Hawa nao wana makuti?" Nikamwambia ni matete. Akasema fundi wake angekuwa Makunduchi asingelala njaa. Ndani ya msitu tukafika kwa yule punda wa hadithi ambaye ukitia sarafu anaangusha nyingine kwa nyuma. Mama aliushikilia mti kwa kicheko. "Kumbe huku hata punda anatoa mkono wa Idi!" Alimpa kila mjukuu sarafu, kisha akajipa na yeye.

Shanga moja ya mkubwa ilitupeleka Fata Morgana, safari ya mashua gizani iliyofunguliwa mwaka 1986, yenye mji wa Alfu Lela U Lela, soko, misikiti, gereza, na mtawala kwenye kiti chake. Watoto walidhani tumefika Forodhani. Mama alitazama kimya mpaka mwisho. Alikuwa na miaka saba mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea, mwaka 1964. Tulipotoka kwenye mwanga akasema, "Sultani nilimwona mie kwa macho yangu. Alikuwa kwenye gari." Hakuongeza neno, akaenda kutafuta chai.

Mzazi wa kwetu atakutana na hilo katika kila bustani ya namna hii, kutazama dunia yako ikiwa imechongwa na mtu mwingine. Fata Morgana mimi naivumilia, hata naipenda, kazi yake ni nzuri. Lakini bustani hiyo hiyo tangu mwaka 1988 ilikuwa na vyungu vya kuzunguka vilivyoitwa Monsieur Cannibale, katikati yake sanamu ya Mwafrika mla watu. Watoto weusi walizungushwa mle kwa zaidi ya miaka thelathini. Vilifungwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata mahali pale pakafunguliwa Sirocco, yenye mambo ya bahari na Sindbad. Mimi sikuwahi kuviona, jirani yangu ndiye aliyenionyesha picha zake za utotoni, kisha akaona haya. Simwambii mtu asiende. Namwambia atazame kwanza nini kimo ndani, akiwa na picha za mtandaoni na kikombe cha kahawa, ili asije akatafuta maneno ya kumweleza mtoto wakiwa wamekwama katikati ya foleni.

Mama aliondoka na ile sarafu ya punda kwenye mkoba wake, na nasikia imeonyeshwa mtaa mzima. Idi ijayo tuko Unguja, inshaallah, na wanangu nitawafungia pesa kwenye leso, hesabu ni yao. Nati za pembea nitazitazama mimi. Na nyinyi mnaokwenda Kaatsheuvel msimu huu: tiketi nunueni mapema, mpimeni mtoto na viatu vyake, na akisimama kwenye pipa la taka, mwacheni.