Barua kutoka Kassel: Mtetemo wa kilomita 90



Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, mwezi huu nawaandikia habari za gari linalotetemeka, maana ndizo zilizojaa kwenye simu yangu. Mpwa wangu wa Bunda ana Noah ya zamani, zile zilizotoka Japani kabla ya 2001, injini iko chini ya viti vya mbele na nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma. Anapakia abiria kati ya Bunda, Makutano Juu na Butiama, na siku nyingine anafika hadi Buhemba kwa wachimbaji. Mjini gari halina neno. Likishika lami na mshale ukapita 85, sakafu inaanza kutetemeka, viti vinafuata, na likifika 95 abiria wanaanza kutazamana. Akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimebadilisha tairi zote nne, nimefanya balansi Musoma, nimeweka shokapu mpya nyuma. Pesa imeisha na gari bado linatetemeka. Nifanyeje?"

Nilimwelewa upesi, kwa sababu gari ninaloendesha hapa ni la mwaka 1991, na nalo liliwahi kunisumbua kwa ugonjwa wa ukoo huo huo.

Hapa Ujerumani kumtafuta fundi ni gharama. Analipwa kwa saa, na gari la umri kama wa langu linaweza kuzidiwa thamani na bili moja tu. Kwa hiyo sisi wenye magari ya zamani tunakwenda gereji za kukodi. Unalipia lifti ya kunyanyulia gari kwa saa, unapewa spana na taa, kazi unaifanya kwa mikono yako. Siku ya Jumamosi utakuta pale dunia nzima: Wapolandi, Waeritrea, Wasyria, wanafunzi wa chuo kikuu, na wastaafu ambao hawana tena haraka ya kwenda popote. Mzee aliyenifundisha mimi ni Mturuki. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha Volkswagen cha Baunatal, hapa jirani, kinachotengeneza giaboksi. Nilipomweleza kwamba gari langu linatetemeka nikifika 110, hakuligusa. Aliuliza kwanza mtetemo unafuata nini: unafuata injini, unafuata magurudumu, au unafuata mguu wangu wa kulia? Nilikuwa sina jibu, akanirudisha barabarani nikalitafute.

Barabara yenyewe ni A7, ndefu kuliko barabara kuu zote za nchi hii, na hapa Kassel inapita milimani. Kwa kazi hii milima ni msaada mkubwa, kwa sababu unapopanda injini inavuta, na unaposhuka unaachia mafuta gari likajiendea lenyewe kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukiwepo wakati wa kupanda na ukapotea wakati wa kushuka, hautoki kwenye tairi. Tairi lisilo sawa halijali kama injini inavuta au imetulia.

Tairi hulaumiwa kwanza kwa sababu linaonekana, na kwa sababu kufanya balansi ni rahisi. Sikatai kwamba mara nyingi ndilo lenye kosa. Lakini tazameni hesabu. Tairi la Noah likizunguka mara moja, gari linasogea mita 2 hivi. Kwa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka mara 12 na nusu. Propela shafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, iko mbele ya difu, na difu inapunguza mizunguko kwa karibu mara 4 kabla ya kuifikisha magurudumuni. Maana yake ni kwamba katika sekunde hiyo hiyo propela imeshazunguka kama mara 50, yaani 3,000 kwa dakika. Ndiyo sababu mitetemo hii miwili haifanani. Tairi la mbele linatikisa usukani kwa mapigo mazito ambayo mikono inayapata moja moja. Propela inavuma. Unaipata kwenye kiti na kwenye nyayo, na kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kinaanza kufifisha taa za gari linalokufuata. Nilimuuliza mpwa wangu usukani unafanya nini kwenye 90. Akasema umetulia kabisa. Hapo pesa ya tairi nne ilikuwa imeshaondoka bila sababu, na iliniuma, maana najua abiria wangapi wa Butiama wanahitajika kuirudisha.

Kuhusu kwa nini gari ni zima mjini, jibu liko kwenye mwendo. Kitu kinachozunguka kikiwa kizito upande mmoja hujivuta kutoka katikati, na mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kujivuta inaongezeka mara nne. Kasoro isiyosikika kwenye 45 inalitingisha gari zima kwenye 90. Hata fundi hodari, akilijaribu gari kwa kulizungusha mitaa ya Bunda, hawezi kuukuta ugonjwa huo. Haupo mitaani. Kwa hiyo naona kosa ni la wenye magari kuliko la mafundi: tunamwachia fundi funguo asubuhi, tunataka gari mchana, na mafuta ya kwenda kulijaribu kwenye lami tunaona ni hasara. Tunalipia vifaa, hatulipii muda wa kutafuta.

Nikamwomba mpwa wangu amchukue fundi wake alfajiri, gari tupu, waelekee kusini kwenye ule mnyooko wa kwenda lango la Ndabaka. Yeye aendeshe, fundi akae kiti cha nyuma na kiganja sakafuni. Wakifika 90 na mbele kukiwa kweupe, atoe gia aweke nyutro kwa sekunde chache tu, bila kugusa swichi, maana ukizima injini usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake. Injini ikishuka kwenye sailensa na mtetemo ukashuka nayo, wautafute kwenye injini na maunti zake. Ukibaki vile vile, waanzie kwenye giaboksi kurudi nyuma.

Ulibaki. Ulipungua kidogo kwenye nyutro, na akirudisha gia na kukanyaga mafuta unapanda tena. Halafu, kama jambo la pembeni tu, mpwa wangu akaongeza kwenye ujumbe wake kwamba siku gari likijaa abiria na magunia ya dagaa, mtetemo unakuwa afadhali. Niliposikia hilo nikasimama. Gari tupu linatetemeka, gari lililojaa linatulia! Nikamuuliza kama amewahi kulinyanyua. Akajibu ndiyo, msimu wa mvua aliweka spesa juu ya springi za nyuma, kwa sababu njia ya Buhemba ilikuwa inalipigiza chini.

Hapa naomba mnisikilize, ninyi mnaoendesha Noah na Haisi, kwa sababu kunyanyua gari kumekuwa jambo la kawaida kwetu na ninaelewa kwa nini. Propela imefungwa kwa krosi, yaani jointi yenye umbo la msalaba, mbele na nyuma. Krosi iliyopinda ina tabia moja: haipeleki mzunguko kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Robert Hooke aliichambua tabia hiyo kule Uingereza karne ya 17, kabla dunia haijawa na gari hata moja. Dawa yake ni kuweka krosi ya pili ili ifute kosa la ya kwanza, na inafuta kwa masharti mawili. Pembe ya mbele na pembe ya nyuma zilingane, na zile uma za ncha mbili za propela zikae kwenye mstari mmoja. Kiwandani Japani masharti hayo yalipimwa kwa gari lenye kimo chake. Ukibandika spesa, au ukiongeza jani la springi kwenye Haisi, bodi inapanda lakini difu inabaki chini na ekseli yake, pembe zinaongezeka, na mara nyingi hazilingani tena. Kwa kilomita 90 hiyo ni mivuto 100 kila sekunde, inapiga kwenye beringi za krosi, kwenye sili ya difu na kwenye mkia wa giaboksi. Abiria na dagaa walipokuwa wakilishusha gari, walikuwa wanairudisha propela karibu na pembe yake.

Fundi wa Bunda aliingia chini, na kazi aliyoifanya pale imenipa heshima kubwa kwake. Hakukimbilia kufungua. Aliweka gari kwenye stendi, akashika propela kwa mkono mmoja na flenji ya difu kwa mkono mwingine, akazinyonga kinyume. Kulikuwa na mchezo mdogo sana, ambao mtu wa haraka angeupita. Lakini kwenye kikombe kimoja cha krosi ya nyuma aliona vumbi jekundu la kutu, laini kama unga wa muhogo, limeshikilia ukingoni. Hiyo ni alama ya krosi iliyokauka grisi. Akapaka rangi nyeupe kwenye propela na kwenye flenji ili zirudi zilivyokuwa, ndipo akafungua nati. Propela ilipokuwa mezani akaizungusha krosi kwa vidole. Ilikuwa inakwama katikati, hatua moja ndogo, inatoka, inakwama tena. Nilitumiwa video yake. Ndani ya vile vikombe kuna vichuma vyembamba vilivyopangwa kuzunguka pini, na pembe ikizidi na grisi ikiisha, vinachimba vijishimo kwenye pini. Baada ya hapo jointi inakaa kwenye vijishimo vyake na inakataa kugeuka kwa ulaini.

Krosi mpya waliipata Musoma. Fundi aliisukuma ndani kwa vaisi, polepole, vikombe viwili vinavyotazamana kwa pamoja, huku akihakikisha hakuna kichuma kilicholala ndani ya kikombe. Kikilala kimoja tu, klipu ya kufungia haiingii kwenye mfereji wake, na akipiga nyundo kuilazimisha ameshaiua jointi mpya. Aliweka grisi mpaka ikatoka kwenye vikombe vyote vinne, akarudisha propela kwa kufuata rangi yake, na spesa akaziondoa.

Kwangu mimi ugonjwa ulikuwa mahali tofauti kidogo. Gari langu halina krosi mbele. Lina raba nene ya mviringo kati ya giaboksi na propela, imefungwa kwa bolti sita, tatu kwa kila upande, na katikati ya gari kuna senta beringi inayoning'inia ndani ya raba yake. Raba zote mbili zilikuwa zimepasuka kwa uzee. Mzee wangu wa Baunatal alinionyesha nyufa zile kwa kuigeuza propela taratibu chini ya taa. Raba ikiwa imetulia nyufa zinajificha, ikinyongwa zinafunguka. Na alinizuia nisikaze nati kubwa ya katikati, ile inayounganisha vipande viwili vya propela, mpaka gari lishuke lisimame juu ya magurudumu yake na tulisukume mbele na nyuma kidogo. Propela ikitafuta urefu wake yenyewe, senta beringi haivutwi upande wowote. Ukaguzi wa lazima wa kila miaka 2 gari lilikuwa limeshaupita huku likitetemeka, kwa sababu hakuna anayelikagua kwenye kilomita 110. Wakaguzi wanatafuta breki, taa, kutu na raba za usukani, na wanafanya kazi hiyo kwa uaminifu. Mtetemo ni juu ya mwenye gari.

Wako watakaosema mtetemo ni usumbufu tu, gari linafika, abiria wazoee. Siwezi kukubali. Krosi iliyochimbika mwisho wake ni kukatika, na inakatika wakati inazunguka mara 3,000 kwa dakika chini ya miguu ya watu. Propela ikiachia upande wa nyuma, inapigapiga chini ya gari ambako mabomba ya breki na ya mafuta yanapita. Ikiachia upande wa mbele, inaweza kuchoma lami na kulinyanyua gari. Noah ya mpwa wangu hubeba akina mama wanaotoka kliniki Butiama na wanafunzi wanaorudi likizo. Hilo ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi badala ya kuwaeleza hali ya hewa ya huku.

Jana jioni alinitumia sauti akiwa Makutano Juu. Gari tupu linakwenda 95 na sakafu imetulia. Limebaki na mtikiso mdogo unaoanzia 100, na safari hii uko kwenye usukani, hauko kwenye kiti. Nimemwambia mambo mawili. La kwanza, asivuke 90 akiwa na abiria hata kama gari limepona. La pili, arudi pale alipofanya balansi aombe rimu za mbele zizungushwe kwenye mashine bila tairi, maana njia ya Buhemba inapinda rimu, na rimu iliyopinda haiponi kwa kubandikiwa risasi. Kuhusu ile njia yenyewe, ameamua mvua zikianza atapakia watu wachache zaidi kwa safari, na kimo cha gari hatakigusa tena.



Ndugu yenu wa Kassel